Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mkataba wa Sykes-Picot na kugawanywa kwa nchi za Waarabu

Kila Mashariki ya Kati inapowaka moto, jina la Sykes-Picot hurudi midomoni mwa watu. Wengi hulitaja kama laana bila kujua ni nini hasa kiliandikwa mwaka 1916, nani alikiandika, na kipi kilitekelezwa. Hapa nimekusanya maswali yanayojirudia zaidi, kuanzia ya msingi hadi ya pembeni. Pale ambapo jibu limeshatolewa, nimetaja tu namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mkataba wa Sykes-Picot ni nini?

Ni makubaliano ya siri kati ya Uingereza na Ufaransa, kwa ridhaa ya Urusi ya Tsar, juu ya namna ya kugawana ardhi za Waarabu zilizokuwa chini ya Dola ya Uthmania (dola ya Waturuki yenye makao yake Istanbul) endapo dola hiyo ingeshindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mazungumzo yalianza London Novemba 1915 na rasimu ikawa tayari mapema Januari 1916. Makubaliano yalikamilishwa kwa barua: Paul Cambon, balozi wa Ufaransa mjini London, aliandika tarehe 9 Mei 1916, na Edward Grey, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, akamjibu tarehe 16 Mei.

Kwa hiyo tunaposema "mkataba" tunazungumzia barua hizo pamoja na ramani iliyopakwa rangi. Hapakuwa na hafla ya kutia saini wala mjadala bungeni. Na hakuna Mwarabu hata mmoja aliyekaribishwa mezani.

2. Sykes na Picot walikuwa akina nani?

Mark Sykes alikuwa mbunge wa chama cha Conservative, tajiri wa mashamba kutoka Yorkshire, aliyekuwa amesafiri sana katika nchi za Uthmania na kuandika vitabu juu yake. Mjini London alihesabika kuwa bingwa wa mambo ya Mashariki, ingawa hakuwa mwanadiplomasia wa kazi. Aliingia mazungumzoni Desemba 1915 na kuyamaliza kwa wiki chache. Alifariki Paris Februari 1919 kwa homa kali ya mafua iliyokuwa ikiua mamilioni duniani, akiwa na miaka 39, huku mkutano wa amani ukiendelea.

François Georges-Picot alikuwa mwanadiplomasia hasa. Kabla ya vita alikuwa balozi mdogo wa Ufaransa mjini Beirut, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba Syria ni haki ya Ufaransa. Kuna jambo moja juu yake ambalo halitajwi vya kutosha. Alipoondoka Beirut vita vilipoanza, aliacha nyuma nyaraka za ubalozi zilizowataja Waarabu waliokuwa wakiwasiliana na Wafaransa. Nyaraka zile zikaangukia mikononi mwa serikali ya Jamal Pasha, gavana wa Uthmania. Tarehe 6 Mei 1916, siku tatu tu kabla ya barua ya Cambon, wazalendo wa Kiarabu walinyongwa hadharani Beirut na Damascus. Baadaye Lebanon na Syria ziliifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mashahidi. Watu walikufa kwa sababu jina lao lilikutwa kwenye karatasi za mtu ambaye wiki ileile nchi yake ilikuwa ikiweka muhuri kwenye kugawanywa kwa ardhi yao. Anayetaka kuelewa kwa nini jina la Picot linauma Beirut aanzie hapo.

3. Kwa nini waligawana ardhi ambayo bado hawakuwa wameiteka?

Kwa sababu hawakuaminiana. Mgonjwa alikuwa hajakata roho, lakini warithi walishaanza kugawana mirathi, kila mmoja akihofia mwenzake atachukua kubwa.

Hali ya vita yenyewe ilikuwa mbaya kwao. Mwanzoni mwa 1916 Waingereza na Wafaransa walikuwa wamejiondoa Gallipoli bila mafanikio, na tarehe 29 Aprili jeshi la Uingereza na India lilijisalimisha kwa Waturuki huko Kut, kusini mwa Baghdad. Walioweka rangi kwenye ramani walikuwa hawajashinda mahali popote ndani ya ramani hiyo, isipokuwa Basra na viunga vyake.

Lakini kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Uingereza ilitaka kulinda Mfereji wa Suez, njia ya India na kichwa cha Ghuba. Ufaransa ilikuwa na shule, reli, mikopo na uhusiano wa karne nyingi na Wakristo wa Lebanon, na iliogopa kwamba Waingereza wakipeleka jeshi kubwa huko hawatatoka. Urusi nayo ilikuwa imeshadai Istanbul na mlango wa bahari, na ikaahidiwa kati ya Machi na Aprili 1915. Mmoja alipopewa ahadi, wengine nao wakataka zao kwa maandishi.

4. Je, zilikuwa nchi mbili tu?

Hapana. Sykes na Picot walisafiri hadi Petrograd Machi 1916 kutafuta ridhaa ya Sergei Sazonov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi. Urusi ilikubali kwa masharti ya kupata Erzurum, Trabzon, Van, Bitlis na sehemu ya ardhi ya Wakurdi. Italia, iliyoingia vitani 1915 baada ya kuahidiwa fungu lake, ilitengewa sehemu za kusini-magharibi mwa Anatolia (bara la Uturuki ya leo) kwa makubaliano ya Saint-Jean-de-Maurienne ya Aprili 1917. Urusi ndiyo iliyokuja kutoboa siri yote (swali la 11).

## Ramani yenyewe

5. Ardhi iligawanywa vipi hasa?

Kulikuwa na maeneo matano.

Eneo la buluu lilikuwa la Ufaransa kulitawala itakavyo: pwani ya Syria, Lebanon, Kilikia (pwani ya kusini mwa Anatolia), na kupanda ndani ya Anatolia. Eneo jekundu lilikuwa la Uingereza kwa namna ileile: Basra na Baghdad. Katikati kulikuwa na maeneo mawili makubwa ya bara. Eneo A, lenye Damascus, Homs, Hama, Aleppo na Mosul, lingekuwa chini ya ushawishi wa Ufaransa. Eneo B, kusini yake, kutoka ng'ambo ya Mto Yordani hadi upande wa Kirkuk, lingekuwa chini ya ushawishi wa Uingereza. Eneo la tano, la kahawia, ni Palestina (swali la 7).

Watu huishia kwenye rangi, lakini ukisoma vifungu utaona shabaha yao ilikuwa pana kuliko ardhi. Uingereza ilipewa bandari za Haifa na Akka, na haki ya kujenga na kumiliki peke yake reli kutoka Haifa hadi eneo lake. Ufaransa iliahidi kiasi cha maji ya Tigris na Euphrates kutoka eneo A kwa ajili ya eneo B. Iskenderun ingekuwa bandari huru kwa biashara ya Waingereza, na Haifa kwa biashara ya Wafaransa. Ushuru wa forodha wa Kituruki ungeendelea kutumika kwa miaka 20. Uingereza hata iliahidi kutozungumza na nchi yoyote juu ya kuitoa Cyprus bila ridhaa ya Paris. Bandari, reli, maji na ushuru: huo ndio moyo wa waraka ule.

6. Ni kweli Sykes alitaka mstari mmoja tu kutoka herufi hadi herufi?

Ni kweli. Tarehe 16 Desemba 1915 aliitwa mbele ya viongozi wa vita wa Uingereza, ofisi ya waziri mkuu, kueleza ni mpango gani angependa kufanya na Wafaransa. Alijibu kwamba angependa kuchora mstari kutoka herufi "e" ya jina Acre, yaani Akka, hadi "k" ya mwisho ya Kirkuk. Alikuwa akisoma jina lililochapwa kwenye karatasi. Kati ya herufi hizo mbili kuna mamia ya kilomita za vijiji, malisho, makaburi ya mababu na njia za misafara, na hakuna kati ya hivyo kilichotajwa.

Mstari wa mwisho haukuwa umenyooka kiasi hicho, kwani mazungumzo na Picot yaliupinda mahali kadhaa. Bado jibu lile linaonyesha vizuri kuliko kifungu chochote namna ardhi ile ilivyotazamwa kutoka London.

7. Kwa nini Palestina ilipewa rangi yake peke yake?

Kwa sababu wote waliitaka na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Wafaransa waliihesabu kuwa sehemu ya Syria. Warusi walikuwa na makanisa na mahujaji wa Kiorthodoksi. Waingereza waliiona kuwa ngao ya Suez. Wakaafikiana iwe chini ya utawala wa kimataifa, ambao muundo wake ungeamuliwa baada ya kushauriana na Urusi, kisha washirika wengine na wawakilishi wa Sharifu wa Makka, kiongozi Mwarabu wa mji huo mtakatifu (swali la 9).

Utawala huo haukupata kuwepo. Jenerali Allenby aliingia Yerusalemu Desemba 1917, na Uingereza haikukusudia tena kugawana na mtu.

8. Nasikia mkataba uliahidi nchi huru ya Waarabu. Ni kweli?

Kifungu cha kwanza kinasema nchi hizo mbili ziko tayari kuitambua na kuilinda nchi huru ya Waarabu, au muungano wa nchi za Kiarabu, ndani ya maeneo A na B chini ya kiongozi Mwarabu. Wanaosema mkataba haukuwapa Waarabu chochote hawajakisoma kifungu hiki.

Ila soma kinachofuata. Katika eneo A Ufaransa pekee ndiyo ingetoa washauri na maafisa wa kigeni, na ndiyo yenye haki ya kwanza ya miradi na mikopo. Katika eneo B, Uingereza vivyo hivyo. Nchi ambayo mikopo yake, reli yake na washauri wake vyote vinatoka mji mkuu mmoja wa kigeni, uhuru wake ni wa jina. Kwa maoni yangu kifungu cha kwanza kiliwekwa ili Waingereza waweze kusema baadaye kwamba hawakuvunja neno lao kwa Sharifu, na kweli walikuja kusema hivyo.

## Ahadi zilizogongana

9. Sharifu Hussein wa Makka aliahidiwa nini?

Kati ya Julai 1915 na Machi 1916, Sharifu Hussein bin Ali aliandikiana barua kumi na Henry McMahon, mwakilishi mkuu wa Uingereza mjini Cairo. Sharifu alitaka uhuru wa Waarabu kutoka milima ya kusini mwa Anatolia hadi Bahari ya Hindi, Aden ikiachwa. Barua nzito kuliko zote ni ya McMahon ya tarehe 24 Oktoba 1915. Humo Uingereza ilikubali kutambua na kuunga mkono uhuru wa Waarabu ndani ya mipaka aliyoitaja Sharifu, isipokuwa sehemu za Syria zilizo magharibi mwa wilaya za Damascus, Homs, Hama na Aleppo, na bila kudhuru maslahi ya Ufaransa. Kwa Baghdad na Basra alidai mpango maalumu wa utawala.

Palestina haikutajwa kwa jina. Baada ya vita serikali ya Uingereza ilishikilia kwamba ilikuwa imeondolewa. Waarabu walijibu kwa kuonyesha ramani: Palestina iko kusini-magharibi ya Damascus, si magharibi ya miji hiyo minne. Mwenye kuisoma barua ile bila kutafuta mwanya atapata shida kuiona Palestina ndani ya sehemu zilizoondolewa. Mabishano hayo yalidumu miongo miwili.

Sharifu yeye alitimiza upande wake. Juni 1916 alianzisha uasi dhidi ya Waturuki katika Hijazi, chini ya mwezi mmoja baada ya Grey kuandika jibu lake kwa Cambon.

10. Tamko la Balfour linaingia wapi?

Ni ahadi ya tatu. Tarehe 2 Novemba 1917 Arthur Balfour, aliyekuwa sasa waziri wa mambo ya nje, alimwandikia Lord Rothschild, kiongozi wa Wayahudi wa Uingereza, kwamba serikali ya Uingereza inaunga mkono kuanzishwa kwa makazi ya kitaifa ya Wayahudi katika Palestina, bila kudhuru haki za kiraia na za kidini za jamii zisizo za Kiyahudi zilizopo. Jamii hizo, ambazo barua haikuziita Waarabu, ndizo zilizokuwa wakazi walio wengi mno, na haki zao za kisiasa hazikutajwa.

Kwa hiyo ardhi ileile ilikuwa, machoni pa Sharifu, sehemu ya nchi ya Waarabu. Kwa mkataba wa 1916, eneo la kimataifa. Na kwa tamko la 1917, makazi ya kitaifa ya Wayahudi. Ahadi zote tatu zilitoka serikali moja ndani ya miaka miwili na ushee.

11. Siri ilifichuka vipi?

Wabolsheviki, wanamapinduzi wa Urusi, walichukua madaraka Petrograd mapema Novemba 1917 na kukuta nakala kwenye makabati ya wizara ya mambo ya nje. Trotsky, aliyekabidhiwa wizara hiyo, aliamuru mikataba ya siri ichapishwe. Ilitoka katika magazeti ya Izvestia na Pravda tarehe 23 Novemba, na siku tatu baadaye gazeti la Manchester Guardian likaichapisha Uingereza.

Waturuki hawakulaza damu. Jamal Pasha alihutubia Beirut Desemba 1917 akiwaeleza Waarabu kwamba Sharifu amelaghaiwa, na akatuma watu kwa wanawe kutaka suluhu. Ndivyo dola iliyowanyonga wazalendo wa Kiarabu miezi kumi na tisa nyuma ilivyopata nafasi ya kuwa msema kweli.

12. Je, Sharifu hakujua kabisa kabla ya hapo?

Alijua kidogo, na alichoambiwa kilipunguzwa makali. Sykes na Picot walikutana naye Jidda Mei 1917 na kumzungumzia juu ya nafasi ya Ufaransa kwenye pwani ya Syria, lakini maandishi kamili na ramani hakupewa. Habari zilipozagaa aliuliza, na mwanzoni mwa 1918 Waingereza wakamjibu kwa ujumbe wa kumtuliza uliofanya ionekane kuwa ni propaganda ya Waturuki. Tarehe 7 Novemba 1918 Uingereza na Ufaransa zilitoa tangazo la pamoja lililoahidi serikali zitakazotokana na hiari ya wenyeji. Tangazo hilo lilibandikwa kwenye miji ya Syria na Iraq wakati mazungumzo ya kugawana yakiendelea.

## Baada ya vita

13. Mipaka ya leo ndiyo mstari wa Sykes-Picot?

Kwa sehemu kubwa, hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Kwa ramani ya 1916 Mosul ingekuwa upande wa Ufaransa pamoja na Damascus. Leo iko Iraq. Palestina ingekuwa ya kimataifa. Ikawa ya Uingereza. Kusini mwa Anatolia kungekuwa kwa Ufaransa. Waturuki walipigana chini ya Mustafa Kemal na Ufaransa ikajiondoa Kilikia kwa makubaliano ya Ankara ya Oktoba 1921. Fungu la Urusi lilikufa na mapinduzi. Mahali mstari wa zamani unapokaribiana na mpaka wa leo ni sehemu ya mpaka wa Syria na Jordan.

Mipaka halisi ilitokana na mkutano wa San Remo wa Aprili 1920, mapatano ya Waingereza na Wafaransa ya Desemba 1920, mkutano wa Cairo wa Machi 1921, mkataba wa Lausanne wa 1923, na tume nyingi za mipaka zilizofuata.

Kilichobaki cha 1916 ni kanuni yake: kwamba Shamu na Iraq zitagawanywa kati ya nchi mbili za Ulaya, kaskazini-magharibi kwa mmoja na kusini-mashariki kwa mwingine, kwa makubaliano yao wenyewe. Kanuni hiyo ilitekelezwa barabara, na ndiyo maana jina la mkataba limebaki ingawa ramani yake ilikufa.

14. Mosul ilitokaje mikononi mwa Ufaransa?

Kwa mazungumzo mafupi. Wanajeshi wa Uingereza waliikalia Mosul mapema Novemba 1918, siku chache baada ya mapatano ya Mudros kusimamisha vita na Waturuki. Tarehe 1 Desemba, Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, alikuwa London. Alimuuliza Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, anataka nini. Akaambiwa Mosul, akakubali. Kisha akaambiwa na Palestina, akakubali. Hapakuwa na kumbukumbu rasmi. Tunayajua kwa simulizi za waliokuwa karibu na viongozi hao, ambao baadaye waligombana vikali juu ya nini hasa Ufaransa iliahidiwa badala yake. Uturuki nayo iliidai Mosul hadi Shirikisho la Mataifa (chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa) lilipoamua Desemba 1925 ibaki Iraq.

15. Wenyeji waliwahi kuulizwa?

Mara moja, na jibu lao likawekwa kabatini. Rais Wilson wa Marekani alituma Henry King na Charles Crane, ambao Juni na Julai 1919 walizunguka Palestina, Syria na Lebanon wakipokea wajumbe na maombi ya maandishi zaidi ya 1,800. Takribani asilimia 80 ya maombi yalitaka Syria iliyoungana, na zaidi ya asilimia 70 yalitaka uhuru kamili. Zaidi ya asilimia 70 pia yalipinga mpango wa Wazayuni katika Palestina. Kama ilikuwa lazima awepo mlezi wa kigeni, wengi walitaja Marekani kwanza, Uingereza pili, na kuikataa Ufaransa.

Maombi si kura, na mengine yaliandaliwa kwa mpangilio. Lakini hakuna kipimo kingine cha wakati ule kinachokaribia hicho. Ripoti haikutangazwa hadi Desemba 1922, mambo yote yakiwa yameshaamuliwa.

16. Nini kilimpata Faisal na ufalme wa Damascus?

Faisal, mwana wa Sharifu, aliingia Damascus Oktoba 1918. Tarehe 8 Machi 1920 baraza la Syria lilimtangaza kuwa mfalme wa Syria huru. Mwezi uliofuata San Remo ikaikabidhi Syria kwa Ufaransa. Jenerali Gouraud alituma masharti makali, na ingawa Faisal alishakubali, majeshi ya Ufaransa yaliendelea kusonga.

Tarehe 24 Julai 1920, kwenye bonde la Maysalun nje ya Damascus, waziri wa vita Yusuf al-Azma alitoka na askari wachache na raia wa kujitolea kukabili jeshi lenye vifaru na ndege. Alijua hawezi kushinda. Alisema, kwa vitendo, kwamba Damascus haitaingiwa bila mtu kusimama mlangoni, na aliuawa palepale. Kaburi lake liko Maysalun.

Faisal alifukuzwa, na Agosti 1921 Waingereza wakamtawaza Baghdad, mji asiowahi kuutawala wala kuishi, baada ya uasi mkubwa wa 1920 kuwaonyesha kwamba Iraq haitatawalika kwa mabavu peke yake. Ndugu yake Abdullah alipewa ng'ambo ya Yordani. Gouraud aliitangaza Lebanon Kubwa tarehe 1 Septemba 1920, na Syria iliyobaki ikakatwa vipande: Damascus, Aleppo, Waalawi, Wadruzi.

17. Udhamini ulikuwa nini, na unahusianaje na Tanganyika?

Ulikuwa jina jipya la utawala wa kigeni, uliowekewa kibali cha Shirikisho la Mataifa kwa kifungu cha 22 cha hati yake. Mshindi hakusema anatawala koloni. Alisema ni mlezi wa watu wasioweza bado kusimama wenyewe. Nchi za Waarabu ziliwekwa daraja A, karibu na uhuru, na kifungu kilisema matakwa yao yazingatiwe katika kuchagua mlezi (ona swali la 15 yalivyozingatiwa). Tanganyika ya Waingereza na Ruanda-Urundi ya Wabelgiji ziliwekwa daraja B, na watu wake hawakuahidiwa hata kuulizwa.

Si mfanano wa mbali. Ni kifungu kilekile, na Baraza lilelile lililopitisha hati ya udhamini wa Tanganyika tarehe 20 Julai 1922 na, siku nne baadaye, hati za Palestina na Syria. Mbinu yenyewe pwani yetu iliijua mapema zaidi: mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilichora mstari kutoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Victoria, ukikwepa Kilimanjaro, na Sultani wa Zanzibar akaachiwa ukanda wa maili kumi wa pwani bila kushirikishwa kwenye uamuzi.

## Maswali ya pembeni

18. Wakurdi walikuwa wapi katika haya yote?

Walikuwa ndani ya rangi karibu zote na hawakuwa na rangi yao. Ardhi yao ilipitiwa na fungu la Urusi, eneo la buluu, eneo A na eneo B. Mkataba wa Sèvres wa Agosti 1920 uliwafungulia mlango wa mamlaka ya ndani na pengine uhuru, lakini haukutekelezwa, na ule wa Lausanne wa 1923 haukuwataja kabisa.

19. Oman na Saudia ziligawanywa pia?

Hapana. Rasi ya Arabia iliwekwa kando: pande mbili zilikubaliana zisichukue ardhi humo wala kuruhusu nchi ya tatu kuchukua. Uingereza ilikuwa na mikataba yake na watawala wa Ghuba na Muscat tangu karne ya 19, na Desemba 1915 ilisaini mwingine na Ibn Saud, aliyekuja kuwa mwanzilishi wa Saudia, huko Darin. Ndivyo ilivyojikuta ikimlipa Ibn Saud na Sharifu Hussein kwa wakati mmoja. Ibn Saud aliichukua Makka 1924, na Hussein akaishia uhamishoni.

20. Si ilikuwa mafuta tu?

Mwaka 1916 mafuta hayakuwa sababu kuu, na ushahidi ni kwamba Uingereza ilikubali kumwachia Mfaransa Mosul. Ilitaka Ufaransa ikae katikati yake na Urusi. Kufikia 1918 hesabu zilibadilika: jeshi la majini lilikuwa likihamia kwenye mafuta, na London ikaitaka Mosul. San Remo iliipa Ufaransa fidia ya asilimia 25 ya hisa za kampuni ya mafuta, zilizokuwa za Wajerumani. Kisima kikubwa cha Kirkuk kilifoka mafuta Oktoba 1927.

21. Kundi la Daesh (ISIS) lilipovunja mpaka mwaka 2014, lilivunja mstari wa Sykes-Picot?

Ndivyo lilivyodai katika video zake za Juni 2014, tingatinga zikibomoa tuta la mchanga kati ya Syria na Iraq. Kwa ramani ya 1916 pande zote mbili za tuta hilo ziko ndani ya eneo A. Walichobomoa ni mpaka uliotokana na Mosul kuhamia upande wa Uingereza, yaani matokeo ya mkataba kutofuatwa. Nalisema hili kwa sababu kundi lile liliua Waarabu, Wakurdi na Wayazidi kwa maelfu, na halistahili kuachiwa historia hii iwe yake.

22. Iskenderun iliishia vipi Uturuki?

Ilikuwa ndani ya eneo la buluu, na baada ya vita ikawa wilaya yenye utawala wake chini ya udhamini wa Ufaransa juu ya Syria. Ilikuwa na Waturuki, Waarabu, Waarmenia na wengine. Vita vipya vilipokaribia Ulaya, Ufaransa ilitaka Uturuki isiegemee Ujerumani. Mwaka 1938 wilaya ikatangazwa kuwa nchi ya Hatay, na Julai 1939 ikaunganishwa na Uturuki. Hati ya udhamini ilimkataza mlezi kutoa sehemu yoyote ya ardhi aliyokabidhiwa. Waarmenia wengi walihamia Syria na Lebanon, na ramani za Syria ziliendelea kwa miongo mingi kuionyesha wilaya hiyo ndani ya mipaka yake.